Vigelegele vya Mwambani

Chamima hakuwa na mume, na waliokuja kumposa baada ya kufa mumewe Dauto aliwarudisha kwa maneno yasiyofaa kuandikwa. Hakuwa na chombo wala wavu. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsemea mikutanoni. Jino la mbele hakuwa nalo, na tangu ahamishiwe kijiji kipya cha nyumba za matofali, hakuwa na bahari mlangoni pake. Alichokuwa nacho tele ni mdomo, na huo ulikuwa umewachosha wengi.

Gesi ilipogunduliwa baharini, kampuni iliwahamisha watu wa pwani, ikawapa nyumba, na gari la kuwapeleka wanawake mwambani siku za bamvua, maji yanapopwa hadi mbali, kombe na pweza wakaokotwa kwa mkono. Kisha ikaleta mafunzo ya mazingira. Mwalimu alikuwa Osvaldo, kijana wa Kimakonde kutoka Mueda, huko bara, aliyekuja na picha za kasa na kikundi cha maigizo chenye ngoma. Chamima hakuyachukia mafunzo yale. Alipoambiwa kwamba kasa hurudi kutaga pwani ileile alikozaliwa, alisema kwa sauti, "Ana bahati, yeye hakuhamishwa." Watu wakacheka, na Osvaldo naye akacheka.

Siku ya igizo, mwanamke aliyejipaka usoni msiro, ule urembo mweupe wa magome ya mti, aliigiza kuwa mwamba mgonjwa. Alilia, akagaagaa mchangani, ngoma ikapanda. Mwishoni Osvaldo akapaza sauti: "Mama zangu, mwamba upumzike?" Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Pwani ile, mgeni akikuchezea hadi jasho likamtoka, humwachi aondoke kimya kimya, hata kama hukushika neno lolote alilosema.

Wiki iliyofuata gari halikuja. Alikuja Osvaldo kwa pikipiki, akabandika tangazo ukutani mwa shule, akawasomea: mwamba umefungwa mwaka mzima, na wanawake wa kijiji wamekubali kwa shangwe.

"Nani kakubali?" Chamima akauliza.

"Nyinyi, mama. Picha za video zipo. Mlipiga vigelegele."

"Tulimpigia yule dada aliyegaagaa! Mwanangu, kwenu Mueda bibi harusi akipigiwa vigelegele, waliopiga wote wameolewa?"

Nazira, wifi yake, alicheka hadi akajishika kiuno. Osvaldo hakucheka. Alisema ripoti imeshapelekwa kwa wakubwa. Mwenye pingamizi aandike kabla ya Ijumaa, kwa Kireno, lugha ya serikali. Wakikaa kimya, itahesabiwa wamekubali. Na Ijumaa hiyo ndiyo bamvua ilikuwa inafika kilele.

"Tukipiga kelele tumekubali, tukinyamaza tumekubali," alisema Chamima. "Sasa nyinyi mtu anawakataa vipi?"

Jioni ile Tuaibo, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, mtu wa Kireno safi, alikuja kumsaidia. "Dada, nitakuandikia. Tutaanza na shukrani kwa nyumba, shukrani kwa mafunzo, kisha tuombe kwa unyenyekevu."

"Tuombe nini?"

"Ruhusa ya kuingia mwambani."

"Kaka Tuaibo, nikiomba ruhusa nimeshasema ni kwao. Siombi. Nawaambia, tena kwa Kiswahili."

"Hawataisoma."

"Watafute wa kuwasomea. Mimi matangazo yao nasomewa na watu mwaka wa ngapi huu?"

Kuandika alijua. Baba yake alimfundisha chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu ambazo kwazo watu wa pwani waliandikiana Kiswahili chao, habari za harusi na misiba, tangu bibi yake hajazaliwa. Lakini siku ya kuhamishwa kampuni ilimwandika kuwa hajui kusoma, naye alichovya dole gumba kwenye wino bila kubisha. Sasa jambo hilo lilimuuma.

Alhamisi asubuhi alitandika mkeka barazani, wanawake wakamzunguka. Aliandika huku akisoma kwa sauti:

"Kwa wakubwa wa kampuni. Somo la kasa tumelipenda. Sisi pia pweza aliyelalia mayai hatumgusi. Lakini mwamba hatukuufunga. Vigelegele vilikuwa vya mchezaji. Mkitaka upumzike, njooni tukae, tuzungumze nani atapumzika na nani ataendelea, na meli zenu nazo tuzitaje. Hadi hapo, kesho maji yakipwa tutakuwa mwambani. Tutakwenda kwa miguu. Kutuzuia mnaweza. Kusema tulikubali, hamwezi. Ni mimi, Chamima binti Momade, na wenzangu."

"Wifi," Nazira alinong'ona, "na wakitunyima gari moja kwa moja?"

"Gari liko wapi leo?"

Nazira alitazama barabara tupu. "Basi niandike. Na jina la baba uliweke, asije mtu akasema ni Nazira mwingine."

Wengine nao wakataja majina yao. Wawili waliinuka wakaenda zao, kwa kuwa watoto wao wanatafuta kazi kampuni; Chamima hakuwalaumu.

Alikunja karatasi, akaifunga kwa uji mzito wa muhogo, akaukandamiza ukingo kwa kiganja mpaka ukashika. Osvaldo alipopita na pikipiki, alimsimamisha katikati ya njia.

"Mpelekee mkubwa wako."

Osvaldo aliigeuza barua ile, akaona herufi za Kiarabu juu yake. "Mama, hii nani ataisoma?"

"Mwambie imeandikwa na mwanamke asiyejua kusoma. Atataka kujua inasema nini."

Kijana akaguna, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaiwasha pikipiki kwa teke. Barua ikaenda.