Chemchemi ya Mama Mkwe

Kwa jina la Aliyeyapitisha maji matamu kando ya maji ya chumvi yasichanganyike, naanza. Naye anisitiri ulimi, maana habari hii imepungukiwa adabu kidogo.

Niwapange watu kwanza. Mtaa wetu, hatua mia kutoka baharini, umeizunguka chemchemi moja. Upande wa juu ni nyumba ya Mhunzi. Wa chini, nyumba ya Seremala; wawili hao ni mahasimu wa kurithi. Katikati anaishi Bi Dobi, mjane anayefulia mji mzima kwa maji hayo, kwani ya bomba huacha madoa ya kutu. Mkubwa wetu sote ni Bibi, asiye na meno wala breki.

Asubuhi moja akaja karani wa manispaa. Chemchemi ingezibwa kwa zege, isipokuwa kama angepewa siku ile ile historia ya chemchemi hiyo, ya kuonyesha inastahili kuhifadhiwa, imetiwa saini na nyumba zote mbili. Mimi, mwalimu wa madrasa, nikakabidhiwa kalamu.

"Andika: babu yangu aliipata kwa kukesha akiomba," akasema Mhunzi.

"Babu yako alikesha akikoroma," akajibu Seremala. "Wangu ndiye aliyeoteshwa, akachimba."

Karani akaanza kufunga mkoba. Bi Dobi akatua beseni.

"Shemeji zangu, mkimaliza kugombea mababu, mniambie wanangu watakula nini."

Ndipo Bibi akakohoa.

"Hakuna aliyeomba wala aliyeota. Babu yake Mhunzi alikuwa akimkimbia mama mkwe, aliyeapa kumwogesha kwa mkono wake. Alikuwa ananuka, maskini. Akachimba shimo mchangani ajifiche, likajaa maji. Mama mkwe akamkuta kazama hadi kiunoni, akasema, 'Alhamdulillahi, kaoga.' Akahamia hapo hapo na binti zake wawili. Mkubwa, mke wa huyo mnukaji, ndiye bibi yako, Mhunzi. Mdogo ndiye bibi yako, Seremala. Na huyo mama mkwe mwenyewe ni bibi yangu, kanisimulia kwa kinywa chake."

Seremala akacheka hadi akashika ukuta. "Iandikwe hivyo hivyo, natia saini."

"Iandikwe ya mama mkwe," akasema Mhunzi kwa unyonge, "ila hilo la kunuka lisitajwe, Mwalimu."

Nikaandika kwamba bibi mkuu wa nyumba zote mbili aliipata chemchemi alipokuwa akimfuata mkwewe, na kwamba mkwewe alikuwa ameelekea kwenye twahara. Sikusema uongo. Wote wawili wakatia saini, karani akaipokea, na chemchemi ikasalimika. Bi Dobi akajitwika beseni lake akaenda kusuuza.

Mola awarehemu waliotangulia, nasi tuliobaki atujaalie maji yasiyokatika, ndimi fupi, na wakwe wenye pua kali.