Roza Aliniuliza Neno

Vumbi la chaki lilielea kwenye mwanga wa dirisha, jeupe, jepesi, likashuka polepole juu ya vichwa vyenu. Lilishuka juu ya madaftari, juu ya mikono yangu, juu ya gauni langu la kijani. Asubuhi ya Machi, mwaka wa sabini na sita, shule ya bweni ya wasichana, mlimani juu ya mji wa Iringa. Nje ukungu, ndani vumbi. Nilikuwa nimechoka, Roza.

Ulikuwa uchovu usioondoka kwa kulala. Mwaka baada ya mwaka niliandika ubaoni maneno yale yale: tashbiha, sitiari, tashihisi, takriri. Nayaandika, nayafuta. Nayaandika, nayafuta. Nanyi mliyakariri kwa sauti moja, kwa ajili ya mtihani, kisha mkaenda likizo na kuyaacha bwenini pamoja na magodoro.

Siku ile neno lilikuwa tafsida. Nikasema ni kulivisha nguo neno lililo uchi. Ni kusema jambo zito kwa maneno mepesi, ili anayesikia asiumie. Nikaomba mifano. Mmoja akasema, "Kwenda haja." Mwingine akasema, "Mama mjamzito," darasa likacheka.

Wewe hukucheka. Ulikaa nyuma, Roza binti Shigela, mtoto wa wafugaji waliohama Usukumani na ng'ombe wao mpaka mbuga za Usangu. Ulinyoosha mkono, ukauliza kwa ile sauti yako ya chini, "Mwalimu, inamsaidia nani? Anayesema au anayeambiwa?"

Kabla sijakujibu, mlango uligongwa.

Mkuu wa shule alinivuta pembeni, kwenye veranda. Simu ilikuwa imepigwa kutoka misheni ya kwenu. Baba yako amefariki alfajiri, homa imemchukua. Watazika kesho, wanakungoja.

"Mwalimu Tusekile, msindikize wewe," akasema. "Wewe umezoea. Mwambie baba yake amezidiwa, basi. Asije akalia ndani ya gari, na safari ni ndefu."

Nilizoea, ni kweli. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto wa kumwacha nyumbani, kwa hiyo kila msiba wa mwanafunzi ulikuwa safari yangu. Nilikuwa nimewapeleka wengine Njombe, Tukuyu, Idodi. Nimekaa nao bega kwa bega, nimesema anaumwa, anaumwa, anaumwa, mpaka walipoona watu wamejaa uani kwao, wakaanguka mikononi mwangu. Mikono hii. Nilikuwa nimechoka, Roza.

Nikakuambia mkuu amesema baba yako amezidiwa na homa, tukapanda basi. Ukakaa dirishani, mfuko wako wa nguo magotini. Mafinga ikapita na mipaina yake, misururu kwa misururu, weusi ule wa kijani, baridi ile inayopenya kwenye mifupa. Hukuuliza kitu. Nami nilishukuru kwamba huulizi, nikajifanya nasinzia, na macho yangu yakakataa kufumba.

Makambako basi likasimama. Wauzaji wakainua mabeseni yao mpaka madirishani. Ukafungua fundo la leso yako, ukatoa shilingi yako ya sabuni, ukanunua mapeasi. Ukayachagua moja moja, ukiyabonyeza kwa kidole gumba, ukirudisha lililo gumu.

"Mwalimu, mgonjwa wa homa anaweza kula peasi?"

"Anaweza," nikasema.

"Baba hajawahi kulionja. Kwetu hakuna."

Ukayafunga kwenye kanga kwa uangalifu, kana kwamba ni mayai. Nami nikageuza uso.

Basi likaanza kuteremka. Milima ikabaki nyuma, joto likapanda kutoka mbugani, abiria wakavua masweta. Mbele yetu nchi ilifunguka, pana, ya majani ya masika na maji yaliyosimama, nchi yenu. Ukaitazama muda mrefu. Kisha ukasema, bila kunigeukia:

"Mwalimu."

"Naam."

"Mkuu alisema baba amezidiwa. Ile ni tafsida?"

Nikatazama viganja vyangu. Chaki bado ilikuwa kwenye mistari yake.

"Ndiyo, Roza. Ni tafsida."

"Ya neno gani?"

Ningeweza kusema ametutoka. Ningeweza kusema ametangulia, amepumzika, ameitwa. Nilikuwa na maneno mengi yaliyovaa nguo, nilikuwa nimeyafundisha asubuhi ileile. Lakini wewe uliniuliza neno, na mtu akiuliza hivyo, kwa sauti ile, hakuna pa kujificha.

"Kufa," nikasema. "Baba yako amekufa, mwanangu. Leo alfajiri."

Hukupiga kelele. Ulishusha pumzi kama mtu anayetua mzigo ili aunyanyue vizuri. Ukafungua kanga, ukatoa peasi, ukaliuma. Ukalitafuna, machozi yakitiririka mpaka kidevuni, maji ya tunda na maji ya macho yakichanganyika. Ukanipa moja. Tukala yote, mimi na wewe, njia nzima ya kuteremka. Mama mmoja wa kiti cha pili alituona, akaelewa, akaweka mkono wake begani kwako na hakuuondoa mpaka Igawa.

Hapo tuliposhuka, baba yako mdogo, Bujiku, alikuwa amesimama kando ya lami na baiskeli. Mtu mrefu, shati limefungwa vifungo vyote, uso umepangwa. Niliujua uso ule. Ndio uso niliouvaa mimi tangu Iringa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umefika." Akakipangusa kiti cha baiskeli. "Baba yako anaumwa kidogo tu. Tutamkuta amelala."

Ulimtazama. Ulikuwa na miaka kumi na sita, lakini ulimtazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyebeba ndoo kubwa kuliko yeye.

"Amekufa, baba mdogo. Mwalimu ameniambia. Usijichoshe."

Uso wake ukavunjika. Akaketi palepale kwenye majani, mtu mzima, akalia kwa sauti, kaka yangu, kaka yangu, kilio ambacho alikuwa amekibana kutwa nzima kwa ajili yako. Baiskeli ikaanza kuanguka. Ukaiwahi.

Ukaishika usukani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ukauweka kichwani kwake, ukangoja. Jua lilikuwa limeinama juu ya maji ya mbuga, na mbali kidogo ng'ombe walikuwa wakirudi zizini, wakiitana. Hakuna aliyetuharakisha. Alipomaliza, ukampa mkono akainuka, na sote watatu tukashika njia ya kwenu, wewe mbele, ukiisukuma baiskeli.