Mguu wa Cherehani

Kutoa hewa kwenye breki za gari ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, mguu kwenye pedali. Mwingine analala chini karibu na gurudumu, spana mkononi, na wanaitikiana: kanyaga, shikilia, achia. Unaweza kuwa fundi bodi wa miaka arobaini kama mimi, ukanyoosha mlango uliobondwa na lori mpaka mwenyewe akausahau ulikuwaje, lakini ukiwa uvunguni miguu yako haifiki kwenye pedali. Mungu hakutuumba hivyo, na wiki ile nilikuwa nimeanza kumlaumu kwa hilo.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la michezo, viti viwili, boneti ndefu na paa la turubai. Nililikuta kwenye banda la mtu, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Nilikaa nalo miaka sita. Kutu nilikata, bati nikachomelea, puti ya kuzibia mabonde nikaweka kidogo tu pale palipostahili, maana fundi anayejaza puti ni sawa na mpishi anayejaza chumvi. Rangi ilikuwa damu ya mzee, nikapuliza matabaka saba, na kila tabaka nikalipitisha msasa wa maji. Bampa nilisugua mpaka nikaona uso wangu humo, jambo lisilofurahisha sana kwa umri wangu. Maonyesho yalikuwa Jumamosi. Kilichobaki ni breki.

Kilichobaki pia ni mke wangu, aliyeondoka miezi kumi na minne kabla ya hapo. Nalisema mapema ili nisionekane nazunguka. Nilitaka gari lile liende kwenye maonyesho, lakini zaidi ya hapo nilitaka mke wangu arudi nyumbani, na la pili sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata yeye.

Nilimwita Sindano tangu uchumba, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Ni fundi cherehani, wa zile za kukanyaga kwa miguu. Miaka thelathini na tano ya kukanyaga ilimpa mguu ambao sijauona kwa mtu mwingine: unashuka taratibu, unakaa pale ulipoambiwa, hautetemeki. Pedali ya breki inataka mguu wa namna hiyo, maana ukiachia mapema hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Mafundi wenzangu walikuwa wakija mlangoni kumwazima. "Shemeji, tunaomba mguu," walikuwa wakisema, naye anatoka na nguo anayoipinda mapajani, anakaa kwenye gari la mtu, anakanyaga huku anashona pindo.

Viti vya gari letu alishona yeye. Ngozi ya kahawia, mistari kumi na miwili kila kiti, na kila mstari aliupima mara mbili kabla ya kukata. Alimaliza kiti cha dereva, akaingia kwenye cha abiria, na siku anakaribia kukimaliza alikuja sebuleni kutafuta mkasi. Mezani palikuwa na fomu ya maonyesho. Nilikuwa nimeshaijaza. Palipoandikwa "Waliotengeneza gari hili", mimi nilikuwa nimeandika: *Mimi peke yangu.*

Aliisoma. Alichukua mkasi, akarudi kwenye kiti, akakimaliza mpaka uzi wa mwisho. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba alikimaliza. Kesho yake alifunga cherehani yake kwa kamba, akaenda kwa binti yetu. Mimi nikajifanya hamnazo. Nikasema wanawake wakizeeka wanapenda kulea wajukuu. Binti ndiye aliyenipigia na kuniambia kuhusu fomu, nami nikamjibu kwamba fomu ilikuwa na mstari mmoja tu, jina la pili lisingeenea. Akaniambia, "Sawa, baba," kwa sauti ambayo mtu humpa mgonjwa. Maonyesho ya mwaka ule sikwenda.

Nyumba ikawa kubwa. Nilikuwa nachemsha maji ya vikombe viwili kwa mazoea, nakunywa kimoja, cha pili namwaga jioni. Pale ilipokuwa cherehani, sakafu ilibaki na alama nne za miguu yake, nami nilikuwa nazikwepa nikipita, kana kwamba bado ipo. Nilikuwa naongea na gari. Gari halijibu, na kwa kweli hapo mwanzo nililipendea hilo.

Jumatatu nilimwita jirani, mwalimu mstaafu, aje kukanyaga. Alikanyaga kama anaua nyoka. Nikimwambia shikilia, ananiuliza kwa nini. Nilimshukuru nikamrudisha kwake, nikasema mguu wake haufai. Angefundishika, mwalimu wa watu, nusu saa ingetosha. Nilimfukuza kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kile kiti.

Jumanne nikaamua kufanya peke yangu. Nilikata mpini wa ufagio kwa msumeno, ncha moja nikaiweka kwenye pedali, ya pili nikaikaza kwenye ukingo wa kiti. Nikafunika rangi yangu kwa matambara yaliyolowa, maana mafuta ya breki yanakula rangi, na fundi yeyote anayajua hayo. Niliogopea rangi tu. Nikalala chini, nikafungua skrubu ya kutolea hewa. Shinikizo likatoka, pedali ikazama, mpini ukachomoka kwa nguvu, na juu yangu nikasikia ngozi ikichanika.

Mchaniko ulikuwa wa shubiri nzima, kwenye mstari wa nne. Nilikaa sakafuni nikiuangalia. Mke wangu alikuwa akisema kidole kimoja hakivunji chawa, nami nilikuwa nikimjibu kwamba mimi sina chawa. Pale chini nililia kidogo, naandika ilivyokuwa. Kisha nikanawa mikono, nikakata jongoo kwa meno, nikapiga simu.

Alipokea binti. Shikamoo, marahaba, watoto wazima, kisha bila kuulizwa akasema, "Huyu hapa mama."

"Fundi," akasema Sindano. Kila mtu ananiita fundi, lakini yeye hulisema kama anauliza nimekula.

"Hujambo?"

"Sijambo."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yakaniishia. "Nina breki hapa," nikasema.

"Una breki."

"Zina hewa."

"Kwani mafundi wa mji mzima wamekufa?"

"Wapo. Hawana mguu."

Nikasikia watoto wakigombania kitu nyuma yake. "Nakuja Alhamisi asubuhi," akasema. "Nina basi la kurudi saa nane."

Nilifagia gereji kwa ufagio usio na mpini, nimeinama kama naokota mchele. Nilinyoa. Nilinunua vikombe vipya, kisha nikavificha, nikaona nitachekwa.

Alikuja na mkoba wake wa kazi. Aliangalia gari akalizunguka mara moja, taratibu, mkono nyuma. "Limependeza," akasema. Alipofungua mlango akaona mchaniko. Alipitisha kidole pale kama daktari anavyogusa palipovimba, akaangalia ule mpini wa ufagio ulioegemea ukutani, akaniangalia mimi.

"Breki kwanza," akasema, akavua viatu akaingia.

Tulianza na gurudumu la nyuma, lile la mbali zaidi na pedali. Kanyaga. Shikilia. Nafungua, mafuta yanatoka na mapovu kwenye kijibomba mpaka chupani, nafunga. Achia. Tena. Mguu wake ulikuwa uleule. Niliona ngozi ya kisigino chake kwa chini, imepasuka kidogo, na nikakumbuka kwamba kulikuwa na siku nyingi katika nyumba yetu ambazo maneno hayo matatu ndiyo pekee niliyomwambia kutwa nzima. Kanyaga, shikilia, achia, na baadaye chakula, na baadaye usingizi. Nilikuwa uvunguni, hakuna aliyeniona uso.

Gurudumu la nne lilipotoa mafuta matupu bila povu, alikanyaga mara ya mwisho akasema, "Imekaza. Ni jiwe sasa."

Kisha akatoa sindano iliyopinda, nta na uzi wa kahawia kutoka kwenye mkoba, akashona mchaniko kwa mkono, akiwa amepiga magoti nje ya mlango. Nilimshikia taa ingawa palikuwa na mwanga wa kutosha. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Nilisema, "Umekula?"

"Nimekula."

"Wajukuu wanasoma?"

"Wanasoma."

Saa saba na nusu alifunga mkoba. Nikambebea mpaka stendi. Njiani tulisalimiwa na watu wawili waliodhani amerudi, na wote wawili aliwaitikia vizuri bila kuwasahihisha, nami nikatembea kwa matumaini hatua kama mia moja. Basi likaja. Akapanda, akanipungia mkono.

Nyumbani nilitoa fomu mpya. Mstari ulikuwa mmoja kama wa mwaka jana. Nikaandika jina lake kwanza, jina kamili la kwenye cheti, mwandiko wa kubana, kisha langu. Yalienea. Nafasi ya kidole kizima ikabaki.

Jumamosi niliegesha uwanjani kati ya magari ya watu wenye mafundi wao na wapambe wao. Mkaguzi wa sehemu yetu alikuwa mama mmoja mfupi mwenye kioo chenye mpini mrefu na kalamu iliyofungwa shingoni. Alipita uvunguni kwa kioo chake, akasikiliza injini, akafungua na kufunga milango akiwa amefumba macho. Aliandika, akaandika. Nilijua mambo ni mazuri, kwa sababu mkaguzi akipenda gari huacha kuongea. Kisha akafika kwenye kiti.

"Hapa pamerudiwa," akasema.

"Pamerudiwa."

"Nitakukata alama mbili. Kiti kingekuwa kizima, ningekosa la kusema." Aliinama karibu zaidi. "Lakini mshono huu wa mkono sijauona miaka mingi. Ni nani huyu?"

"Mke wangu," nikasema. "Viti vyote ni vyake. Na breki ni mguu wake."

Akaangalia fomu, akaliona jina. "Yuko wapi nimpe mkono?"

Niligeuka, nakwambia, nikaangalia kiti cha abiria. "Ametoka mara moja," nikasema. "Anarudi."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kwenye gari la pili.

Nilisimama pale na uongo wangu. Watu walipita wakaangalia rangi, wakapiga picha, mmoja akaniuliza nimetumia msasa namba ngapi nikamjibu. Kisha nikatoa simu.

"Wamekukata ngapi?" akauliza Sindano, hata salamu bado.

"Mbili."

"Kwa sababu ya mshono wangu."

"Kwa sababu ya ufagio wangu," nikasema. "Mshono wako mkaguzi ameupigia magoti. Anakutafuta akupe mkono."

Nikapiga moyo konde. "Sindano, ile fomu ya mwaka jana. Nilikosea. Nafasi ilikuwepo."

"Najua ilikuwepo," akasema. "Niliiona."

Nilingoja aseme lingine. Hakusema, wala simu hakuikata. Nikasikia akiiweka juu ya mbao, kitambaa kikivutwa, na cherehani ikaanza. Nilizunguka nikafungua mlango wa abiria, nikakaa upande wake, simu sikioni. Nilisikiliza mguu wake ukishuka na kupanda, bila haraka, mpaka chaji ikaisha.