Kifurushi Kinachosoma Namba

Pale hospitalini walimwita Ngoja-Kwanza, wala hakukasirika. Yeye ndiye aliyetunza kompyuta zote za jengo, na hakuna programu iliyopita mlangoni kabla hajaipekua mifuko.

Safari hii mkuu wa mapokezi alitaka mashine ya foleni iite namba kwa sauti, maana wagonjwa wasioona walikuwa wakipitwa na zamu zao. Mtandaoni kukapatikana kifurushi cha programu, cha bure, kimesifiwa kweli kweli.

"Dada, si ubonyeze tu?" mkuu alisema, amesimama nyuma ya kiti chake. "Watu kibao wanakitumia."

"Ngoja kwanza, kaka."

Kifurushi chenyewe kilikuwa safi. Lakini hakikusimama kwa miguu yake: kilitegemea kingine, na hicho nacho kikaegemea kijiprogramu kimoja kidogo, kazi yake kugeuza tarakimu kuwa maneno. Hapo akavuta kiti karibu. Toleo jipya la kijiprogramu hicho, kila liliposakinishwa, lilikwenda kimyakimya kupiga hodi kwenye kompyuta fulani ya mbali. Kusoma namba na kupiga hodi kwa watu, wapi na wapi? Toleo la zamani halikuwa na tabia hiyo, ila halikuwa na leseni. Aliyeliandika hakusema popote kwamba wengine wanaruhusiwa kulitumia.

"Basi tafuta kingine," mkuu alisema.

Vingine vilikuwepo. Lakini udadisi ulishamkaa rohoni: nani huyu aliyeandika kitu kizuri hivi, kisha akaacha mlango wazi? Akaona anwani ya barua pepe, akaandika na kuweka namba yake ya simu. Chai haijapoa, simu ikalia.

"Leseni?" mwanamume alishangaa. "Kwani ni gari?"

Alikuwa fundi redio. Programu ile aliiandika ili simu imsomee mama yake namba, macho yalipomwishia. Toleo jipya hakulijua. Mtu mmoja mtandaoni aliomba kwa adabu kumsaidia kazi, naye akampa ufunguo wa kuibadilisha.

"Hebu lifungue, tusome pamoja," Ngoja-Kwanza alimwambia.

Wakasoma mstari kwa mstari. Fundi akauona ule mstari wa kupiga hodi. "Lahaula! Mimi nimemkaribisha sebuleni, kumbe anachungulia watu madirishani!"

Siku hiyohiyo akamfungia nje, akaliondoa lile toleo, akawatahadharisha wanaolitumia, na akaweka leseni ya kumruhusu kila mtu. Ngoja-Kwanza akalijaribu lile safi kwenye kompyuta ya pembeni, akalipekua tena, ndipo akaliingiza kwenye mashine ya foleni pamoja na kile kifurushi.

Fundi aliomba kitu kimoja: mama yake asikie. Simu ikasogezwa kwenye spika. Mashine ikaita, "Sitini na saba."

Upande wa pili mama huyo akacheka. "Sauti nzuri. Ila hiyo saba anaimeza."

"Shikamoo, mama," Ngoja-Kwanza akasema, akiinamia simu. "Anaimeza vipi? Hebu nitamkie wewe."