Kibodi Isiyojua Kulima

Nickolaus alikuja na jedwali. Alikuwa amelichapa kwa rangi na kulitia kwenye faili la plastiki kana kwamba ni hati ya kiwanja. Laptop saba zilikuwa zimepangwa kwa uzito, kutoka nyepesi hadi nzito, na mbele ya kila moja kulikuwa na nyota alizozitoa huko mtandaoni. Konsolata alilitazama juu mpaka chini, akamrudishia.

"Kibodi iko wapi?"

"Zote zina kibodi, mama."

"Hata kikokotoo cha muuza nyanya kina vitufe. Nauliza ipi inaandikika."

Nickolaus alicheka kile kicheko chake cha semina, akafunga faili. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mratibu wa shirika dogo lenye ofisi Viwanja Sitini, Ifakara, linalosuluhisha migogoro ya mashamba. Alipenda kuitwa mratibu. Konsolata alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza mahakamani akiwa karani, anaandika kwa vidole kumi bila kutazama mikono huku mawakili wakigombana. Alipotoka huko, shirika lilimchukua aende vijijini, akae mbele ya mlalamikaji na kuandika maelezo yake mtu akiwa bado anayatamka.

Kwamba ilihitajika laptop nyepesi, hilo hakulibisha. Ile ya zamani ilikuwa nzito kama tofali, na kwenda nayo kijiji cha Mbingu na kurudi kwa bodaboda kulimwachia mgongo ambao usiku haukujua ulale upande gani. Alichobisha ni kuchaguliwa kifaa cha vidole kumi na mtu anayetumia viwili. Nickolaus akiandika barua ya mistari mitano, ofisi nzima ilipata muda wa kunywa chai na kuosha vikombe.

Walikwenda dukani kwa Mwanaheri, mwanamke wa Kilwa aliyekuwa akiuza simu na kompyuta karibu na stendi. Mwanaheri alizipanga laptop tatu juu ya kioo, akazifuta kwa pembe ya mtandio. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani, haikufika kilo moja. Ya pili kibodi yake ilikuwa ya kubandua na kubandika. Ya tatu ilikuwa nyeusi, mtumba wa ofisi za Ulaya, kilo moja na robo, pembe moja imechubuka.

"Dada Mwanaheri, niongeleshe," Konsolata alisema. "Sema chochote, usinisubiri."

Mwanaheri hakuhitaji kusihiwa. Alianza habari ya harusi ya wifi yake, nani hakualikwa na nani alikuja bila kualikwa, na Konsolata akafumba macho, akaandika.

Kwenye ile ya fedha, vidole viligota chini kabla havijaanza safari. Ilikuwa kama kugonga meza kwa kucha. Alipofumbua macho, harusi ilikuwa imepoteza robo ya herufi zake. Ile ya kubandua aliiweka mapajani, maana vijijini meza si jambo la kutegemea, ikajikunja katikati kama mkeka. Kwenye ile nyeusi vitufe vilizama kidogo na kupanda vyenyewe, vikiwa na sauti ndogo ya uhakika. Harusi nzima iliingia, pamoja na matusi.

"Hii," Konsolata alisema.

"Kweli kabisa, mama angu, una jicho," Mwanaheri aliunga mkono. "Hiyo ni mashine ya kazi."

Nickolaus aliinyanyua ile ya fedha. "Mama, ona. Naishika kwa vidole viwili."

"Ndivyo unavyoandikia pia."

Mwanaheri aligeukia ukuta kuficha meno. Nickolaus hakucheka. "Wafadhili wanakuja Juni," alisema. "Wakukute na mtumba uliochubuka?"

"Wanakuja kusoma maelezo au kuniangalia mapajani?"

Lakini mwenye saini ya ununuzi alikuwa Nickolaus, na Mwanaheri alimjua mwenye saini kwa harufu. Hata pumzi hajavuta tangu aisifu nyeusi, akaanza kuisifu ya fedha. "Hii ndiyo wanayotembea nayo wakubwa, bosi." Konsolata alimtazama kama anavyotazama shahidi wa kununuliwa, akatoka nje kusubiri risiti.

Vumbi la barabara ya Mlimba halikuuliza bei ya kitu. Wiki ya tatu, herufi M ya ile laptop ya fedha ilianza kugoma. Haikufa. Ingekufa ingekuwa nafuu. Ilikuwa inakubali mara mbili na kukataa ya tatu, kwa hiyo Konsolata alilazimika kurudi nyuma kila baada ya sentensi kuitafuta M iliyodondoka, huku mtu anaendelea kusimulia. Alimweleza Nickolaus.

"Bonyeza kwa ustaarabu, mama," Nickolaus alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Hiyo siyo taipureta."

Konsolata aliirudisha laptop kwenye mkoba na kufunga zipu polepole. Ustaarabu. Mtu ambaye hajawahi kuandika ukurasa mmoja bila kuuliza herufi fulani iko wapi, ndiye wa kumfundisha ustaarabu wa vidole.

Alhamisi iliyofuata walikwenda Mchombe. Kikao kilikaa ofisi ya kijiji, watu wakajaa mpaka madirishani. Mlalamikaji alikuwa mzee Masanja, Msukuma mrefu wa miaka sabini hivi, aliyedai kwamba jirani yake Faustin amehamisha mpaka na kummegea shamba la mpunga. Alivaa koti jeusi lililopigwa pasi. Alizungumza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, kama mtu aliyewahi kuandikwa vibaya.

Konsolata aliandika. M zilidondoka, akazirudishia. Kisha akafika mahali mzee aliposema: "Nilipofika hapa palikuwa matete matupu. Mwaka wa kwanza nililima peke yangu kwa jembe la mkono. Wa pili akaja mke wangu, tukalima wote. Watoto nao wakakua wakizoea kulima. Mpaka leo nalima hapo hapo."

Aliporudi nyuma kukagua, aliona. Matupu ilikuwa na M yake, na mwaka, na mkono. Lakini kila penye kulima, herufi ilikuwa haipo. Kidole kilishasogea kwenda kusahihisha. Kisha akamwona Nickolaus amekaa mbele, miguu ameipandanisha, anasubiri kusoma, maana ilikuwa desturi mratibu amsomee mlalamikaji maelezo yake hadharani kabla hajatia dole gumba.

Asome mwenyewe, Konsolata aliwaza. Asome kwa ustaarabu.

Akamsogezea.

Nickolaus alisimama, akakohoa, akainua laptop ili watu waione inavyong'aa. "Nilipofika hapa palikuwa matete matupu," alisoma kwa sauti ya mkutano. "Mwaka wa kwanza nililia peke yangu kwa jembe la mkono."

Mtu mmoja dirishani aliguna. Nickolaus hakuwa msomaji wa kusikia anachokisoma, akaendelea. "Wa pili akaja mke wangu, tukalia wote. Watoto nao wakakua wakizoea kulia. Mpaka leo nalia hapo hapo."

Ofisi ililipuka. Faustin alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi aachiwe tu, masikini!" alipaza sauti. "Anyamaze!" Wanawake walificha nyuso kwenye kanga. Hata mwenyekiti wa kijiji aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Konsolata alikuwa akimwangalia Nickolaus, akingoja aone haya. Nickolaus alikuwa anatabasamu, anageuka huku na huku, hajui kinachochekwa, ila amefurahi kwamba kikao kimechangamka.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu. Mzee Masanja alisubiri kelele zipungue.

"Kulia nako nililia," alisema. "Mke wangu nilimzika pale pale, nyuma ya mpunga, mwaka wa nne. Nililia sana." Akamgeukia Konsolata. "Lakini hilo sikukwambia wewe uliandike."

Hakuna aliyecheka tena. Konsolata alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Mzee hakusema hivyo," alisema. "Alisema kulima. Kitufe kina kasoro, lakini kosa ni langu. Niliona, nikaacha."

"Uliona?" Nickolaus aliuliza.

"Niliona."

Mzee Masanja alivifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akatoka. Dole gumba hakutia. Kikao kikaahirishwa.

Jioni hiyo ofisini, Nickolaus alifunga mlango. "Ulitaka mimi ndiye nichekwe."

"Ndiyo."

"Sasa nimechekwa?"

"Hapana," Konsolata alisema. "Hata hilo hukuliweza."

Alilisema kwa mazoea, na halikumpa raha yoyote. Nickolaus akasema jambo ambalo Konsolata hakulitegemea: kwamba aliposoma "tukalia wote" alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini akaona aibu kusimama katikati na kuuliza. Halafu akaandika kibali cha kununua laptop nyingine. Sehemu ya jina la kifaa aliiacha wazi, akamwambia ajaze mwenyewe.

Ile nyeusi ilikuwa imeshauzwa. "Nilikwambia ni mashine ya kazi!" Mwanaheri alimlaumu, kana kwamba Konsolata ndiye aliyeikataa. Konsolata alijaribu nyingine nne, mchana mzima, wateja wakimpisha, na mwisho akachukua ya kijivu isiyo na sura yoyote, kilo moja na nusu, ambayo vitufe vyake vilimsikiliza. Ile ya fedha alibaki nayo Nickolaus. Wiki iliyofuata alibandika ubaoni tangazo la kikao cha Ijuaa. Konsolata alilisoma mara mbili, akatoa kalamu kwenye nywele, akaichomeka M mahali pake bila kumwita mtu aje kuona.

Jumatano alipanda bodaboda peke yake hadi Mchombe. Mzee Masanja alikuwa uani kwake, ameinamia turubai la mpunga, anaugeuza kwa mguu ukauke.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aliendelea kugeuza mpunga. Konsolata alisubiri, kisha akasema tena, na tena hakujibiwa. Mkwe wa mzee alimletea kigoda. Akaketi, akaweka laptop mapajani.

"Sikuja kukuomba msamaha wa haraka haraka," alisema. "Nimekuja kuandika upya, kama utakubali. Ukikataa nitarudi Ifakara."

Mzee alikokota mguu mpaka mwisho wa turubai. "Utaandika nitakachosema?"

"Utakachosema."

"Na huyo kijana wako?"

"Hatasoma. Nitasoma mimi, hapa, kabla sijaondoka. Hata mara kumi."

Mzee alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akaanza upya, tangu matete. Konsolata aliandika. Alipofika kwa mke, mzee alinyamaza, na vidole navyo vikanyamaza. "Hapo usiandike," mzee alisema, kisha akaeleza kwa kirefu jinsi mkewe alivyokuwa akipanda mpunga kwa mstari bila kamba, na Konsolata alisikiliza, mikono ameiweka juu ya magoti.

Alimsomea mara tatu. Mara ya pili mzee alimsahihisha jina la mfereji, na mara ya tatu hakusema kitu. Akaomba wino, akakandamiza dole gumba chini ya maelezo yale, kwenye karatasi ambamo Konsolata alikuwa ameyanakili kwa mkono, akalifuta kwa pumba.

"Marahaba," alisema, akanyanyuka kwenda kugeuza mpunga wake.