Manjano kwa Manjano

Usiku wa jana niliota, na lawama namtupia jirani yetu Mama Kidawa. Alikuja jioni kudai kwamba amemwona chatu wa tajiri yangu akikatiza uani, kajifunga kanga, anakwenda kwenye posa. Nilicheka. Kisha nikalala.

Kazi yangu ni kutunza chatu wa kufugwa na kuwaunganisha, dume na jike, ili wazae watoto wa rangi nzuri. Sheria ya kwanza niliyofundishwa: manjano kwa manjano hapana. Kila mmoja amebeba dosari isiyomdhuru mwenyewe. Zikikutana mbili, mayai huharibika.

Basi ndotoni naingia bandani. Banda ni sebule ya kwetu. Chatu jike wa manjano amekaa mkekani, amejitanda ushungi. Bwana harusi, manjano vilevile, anatazama chini kwa adabu. Mshenga wao ni mizani ya kupimia panya wa kuwalisha.

"Tumeona ua," anasema mizani. "Tumekuja kuomba kulichuma."

"Haiwezekani. Rangi ni moja."

"Zaituni, una roho mbaya," anasema bibi harusi. "Wenzio tunapendana."

"Mayai yataoza."

"Na ya kwako?" Ananitazama bila kupepesa. Hana kope, simlaumu. "Wewe na huyo mchumba wako Mbelwa, mmechunguzana nini?"

"Wazee wameangalia ukoo. Hakuna mchawi, hakuna mwizi."

"Damu je?"

Mdogo wangu Hoza alikufa kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Dada yake Mbelwa naye alikufa akililia mifupa. Kwao wanasema lilikuwa jicho la watu.

Sebule sasa ni zahanati. Nimepakata kikapu cha mayai, nipo kwenye foleni na chatu wenzangu. Yai moja linagonga kutoka ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hulali?"

"Viungo vinaniuma."

"Vipi hivyo?"

"Vyote. Na mikono yenyewe bado sijapata."

Nalipuliza, kama nilivyokuwa nampuliza Hoza magoti. Halitulii. Mizani, sasa kavaa koti jeupe, ananichoma sindano kidoleni, anaonja damu.

"Wewe umebeba dosari," anasema. "Amebaki mwenzio. Mlete."

Nikaamka. Kumekucha. Kwenye ncha ya kidole changu kuna kitundu, na damu yake haijakauka.

Nikampigia Mbelwa simu.

"Kabla hamjaleta mahari Ijumaa, twende tukapimwe damu. Wote wawili."

Nyuma yake, redio ya mama yake ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Mbelwa, nakuomba. Twende?"

Redio ikaanza tangazo jingine.