Hakubaki Mzee wa Kumwambia

Kila asubuhi Mama Dafroza alitundika mkoba wake kwenye msumari wa ofisi ya kiwanda, akaondoa kifuniko cha taipureta na kuipangusa polepole kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Asubuhi hiyo mkono wenye kitambaa uliishia hewani. Mezani palikuwa na kompyuta.

"Taipureta yangu iko wapi?"

"Wameipeleka stoo, Mama," alijibu Hyasinta, msichana aliyekuja majuzi kutoka chuo cha uhazili.

Mama Dafroza aliizunguka ile mashine. "Televisheni gani hii haina hata taarifa ya habari?" Akacheka, akavuta kiti. "Haya mwanangu, nifundishe. Wameona nimechoka kugongagonga."

Hyasinta alimwonyesha pa kuwashia. Hakuwa ametumwa kufundisha.

Jana yake jioni Machage, meneja kijana aliyeletwa na kampuni iliyokinunua kiwanda hicho cha pamba cha Bunda kutoka kwa ushirika, alikuwa amemwita.

"Kiti cha yule mama ni chako. Mwambie kesho ndiyo siku yake ya mwisho. Nyie wa Mugango mtaelewana."

"Bosi, yule ni mkubwa kuliko mama yangu mzazi."

"Kazini hakuna mama, dada. Kama hukitaki sema, wanaokitaka wamejaa getini."

Nyumbani kwao ni yeye peke yake aliyekuwa na kazi. Akasema anakitaka.

Lakini kijijini kwao Mugango habari ya namna hii haibebwi na mtoto. Hutafutwa mtu wa rika la anayeambiwa, akaja, akaketi, akaulizia watoto na mihogo, ndipo akasema. Kwa hiyo Hyasinta alitoka kwenda kumtafuta Mzee Bernado, fundi wa mitambo. Kwenye mtambo wake alikuta kijana aliyegeuza kofia nyuma.

"Mzee Bernado walimpunguza Ijumaa."

"Na Mzee Hamduni wa ghalani?"

"Waliondoka pamoja. Kama unatafutaga wazee, dada, nenda kanisani. Hapa wameisha."

Aliangaza uwanjani. Wabeba marobota, dereva wa trekta, hata mlinzi, wote walikuwa rika la kaka zake. Alirudi ofisini.

Mama Dafroza alikuwa anachapa. Alizipiga herufi kwa nguvu hadi meza ikatikisika, na kila alipofika mwisho wa mstari mkono wake wa kushoto uliinuka kusukuma wenzo wa taipureta ambao haukuwapo, kisha ukashuka taratibu mapajani.

"Mkono bado mshamba," alisema. "Nilikuwaga mwepesi, waulize. Nimeipima hii kwa kanga yangu, nitaishonea kifuniko. Vumbi la pamba litaiua. Kesho nakuja nacho."

"Usishone, Mama."

"Kwa nini? Nina kitenge kilichobaki."

Hyasinta alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kama anavyowasalimia wakubwa nyumbani.

"Magoti ya nini tena? Si tumeshasalimiana?"

Nje mtambo ulizimwa. Mama Dafroza aliutazama uso wa binti, akaondoa vidole vyake kwenye kompyuta kimoja kimoja.

"Sema, mwanangu."

"Kesho usije kazini, Mama. Wamenituma nikuambie. Kiti hiki wamenipa mimi, na mimi nimekikubali."